Nguvu za Mama Mkwe

Shida ya Sabina na mama mkwe wake ilianza pale mama mkwe alipoanza kupona.

Alipoletwa Kirumba, jijini Mwanza, kutoka Misungwi mwezi wa tano, wiki tatu baada ya kumzika mumewe, Bernadeta alikuwa mtu wa kubebwa. Nestory, mwanawe, alimshusha kwenye guta lake la matairi matatu, lile analobebea magunia ya dagaa, kwa uangalifu kama anayeshusha trei ya mayai. Miezi miwili mama alilala akitazama ukuta. Alikula vijiko vitatu akasema ameshiba. Sabina alimwogesha, alimfulia, na hakulalamika, kwa sababu mgonjwa anasameheka.

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi, na Sabina hakujua amsamehe kwa lipi. Asubuhi hiyo alitoka chumbani macho yamevimba, mgongo unamuuma, akamkuta Bernadeta ameshapanda mwinuko wa mawe na ndoo mbili za maji, moja kichwani, moja mkononi, na bado ana pumzi ya kuimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso wako umekaa kama umelima usiku kucha?"

Sabina alisimama palepale, mswaki mdomoni. Mama mkwe alikuwa ameshageuka, anawapukuchulia kuku wake mahindi, anaongea nao.

"Mvua ikianza narudi kwangu," alisema bila kumtazama. "Nataka kupiga matuta ya viazi mwenyewe. Nimekaa sana kwenu."

Mwanamke wa miaka sitini na nane, aliyekuwa anashindwa kuinua kikombe cha uji! Sabina alitema povu la dawa ya meno kwenye mtaro, akalitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwenye soko la samaki la Mwaloni jua lilikuwa limeshapanda. Wanawake walikaa mistari kwa mistari wakichambua dagaa, wanatoa mchanga, wanatoa furu, visamaki visivyotakiwa, vumbi la samaki linawapanda puani. Sabina alikaa na Winnie, rafiki yake tangu walipoanza kazi hiyo, mzaliwa wa kitongoji kilekile cha kina Nestory kule Misungwi.

"Hiyo enaji ya ngapi?" Winnie aliuliza, akionyesha kwa kidevu chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu.

"Ya pili."

"Na saa nne haijafika!"

"Bila hii nalala juu ya dagaa, dada, mnichambue na mimi."

Winnie alicheka. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa, "Na mama mkwe anaendeleaje?"

"Anaendelea? Amefufuka. Jana kafua mashuka yote. Leo kapandisha maji ndoo mbili. Anataka kurudi Misungwi kulima."

"Yule aliyekuwa analishwa?"

"Huyohuyo."

Winnie aliweka ungo chini. "Wewe ulianza kuchoka lini?"

"Mwezi wa saba hivi. Wa nane."

"Na yeye alianza kupata nguvu lini?"

Sabina alichambua dagaa mmoja mara mbili. Alikulia hukuhuku Usukumani, na hadithi hiyo aliinywa na maziwa ya mama yake: yupo mtu anayeweza kukuamsha wewe usijijue, akakupeleka shambani kwake, akakulimisha mpaka karibu na mapambazuko, akakurudisha kitandani. Wewe unaamka umevunjika. Yeye anaamka anaimba.

"Mimi sijasema kitu," alisema Winnie, akichukua tena ungo wake. "Nimeuliza miezi tu."

Tangu siku hiyo Sabina aliacha kumtazama mama mkwe wake na kuanza kumchunguza. Aligundua, kwa kuwadodosa watoto wake, kwamba kila Jumanne Bernadeta hufunga kanga yake mpya, hutoka saa mbili, hurudi saa sita. Akiulizwa, husema, "Nilienda kujinyoosha." Kwenda kujinyoosha na kanga mpya?

Jumatano moja aliaga kazini kwa sababu ya kichwa, akarudi mchana. Nyumba ilikuwa kimya. Nyuma ya jiko, pale mawe makubwa yanapoachana na ziwa linaonekana, Bernadeta alikaa kwenye kigoda. Alikuwa amevua ndala, nyayo zimebanwa ardhini, viganja vimefunguka magotini kama anayesubiri kuwekewa kitu. Midomo ilikuwa inacheza. Sabina alijibanza ukutani akasikia: moja, mbili, tatu, nne. Halafu pumzi ndefu ikatoka, ndefu mno, kama mtu anayemwaga maji machafu mbali na mlango wake. Tena, moja, mbili, tatu, nne.

Alivuta nini? Na alichokimwaga, kilimwendea nani?

Sabina alihisi moyo unamdunda mpaka masikioni. Alisahau kwamba ulikuwa umemdunda hivyo tangu asubuhi, tangu chupa ya tatu.

Mtaalamu wa Buhongwa, mganga wa kupiga ramli kwa kuku, alivaa shati safi na alikuwa na simu mbili. Alikuwa ameagiza kuku, na kuku awe wa nyumbani humohumo, aliyelala chini ya paa moja na tatizo. Sabina hakufuga kuku. Kuku wa nyumbani walikuwa wanne, wote wa Bernadeta, waliletwa kwenye tenga kutoka Misungwi. Alimkamata tetea wa madoa asubuhi ya Ijumaa, akamfunga miguu, akamtia kwenye mfuko wa kwendea sokoni.

Alitema mate mdomoni mwa kuku kama alivyoelekezwa. Mtaalamu alimchinja, akampasua, akakaa akigeuzageuza vya ndani kwa ncha ya kisu, mdomo ameubetua.

"Mimi simtaji mtu," alisema mwishowe. "Serikali imekataza. Ila kuku hasomi sheria. Nyumba yenu ina nguvu za watu wawili, na anayezitumia ni mmoja."

"Ni yeye?"

"Yeye nani? Mimi nimetaja mtu?"

Nyama ilibaki kwake. Sabina aliondoka na mfuko mtupu na jibu alilokwenda nalo.

Kesho yake alimsimulia Winnie. Alimwapisha asimwambie mtu. "Nitamwambia nani mimi?" alisema Winnie, na kwa kweli siku ile hakumwambia mtu yeyote wa Mwanza mjini.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa, walikaa mkekani watu watatu. Watoto walikuwa wameshakula, wamekimbilia kucheza. Nestory alikuwa na njaa ya mtu anayekanyaga guta wiki nzima. Alikata ugali bila kuinua kichwa.

"Sabina," alisema Bernadeta. "Kuku wangu alisema nini?"

Tonge la Sabina lilisimama hewani. "Kuku gani, mama?"

"Tetea wa madoa. Alhamisi alikuwepo, Ijumaa hayupo. Angeibwa na mwizi, mwizi angebeba wote. Angekuwa kaliwa na paka, ningeona manyoya. Angepikwa, ningenusa, pua yangu haijazeeka. Kuku mmoja akitoka nyumbani mzima asirudi hata mchuzi wake, mimi Msukuma najua alikopelekwa. Nimenyamaza wiki nzima nikisubiri uniambie. Nauliza alisema nini."

Nestory aliinua kichwa. Alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akamrudia mkewe. "Sabina, mama anasema nini?"

Simu yake ililia kabla hajajibiwa. Ilikuwa ya Yakobo, baba yake mdogo, mdogo wa marehemu. Nestory alikuwa na mkono wenye mboga, akabonyeza spika kwa kifundo cha kidole.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Mama yako asije kwanza huku. Watu wana maneno. Wanasema anamlimisha mkeo usiku. Mimi siamini, mimi mtu wa kanisa, ila vijana wa siku hizi unawajua. Sitaki yamkute mabaya. Na kuhusu shamba asiwe na wasiwasi, nimeshaanza kulilima mimi."

Simu ilikatika. Nje jirani alikuwa anapiga kwaya redioni.

"Ameshaanza kulilima," alisema Bernadeta polepole. "Siku tunaanua matanga aliniomba nusu ya lile shamba. Nikamnyima. Sasa amepata lote." Alipangusa mkono mmoja kwa mwingine. "Unajua, Nestory, neno hilo huwa linafanya nini kwa mama mtu mzima mwenye macho mekundu ya moshi? Binamu yangu aliitwa mchawi, mapanga hayakumfikisha masika. Na aliyenipaka matope hayo ni mtu niliyekula mkononi mwake."

"Sikumtaja mtu," alisema Sabina. Aliisikia sauti yake, akaichukia. Na kwa sababu aliichukia, akaipandisha. "Basi nguvu umezitoa wapi? Sema! Kila Jumanne unakwenda wapi? Unahesabu nini pale nyuma ya jiko?"

"Pumzi."

"Nini?"

"Nahesabu pumzi." Bernadeta alionekana kuona aibu, kama aliyekamatwa anaiba sukari. "Presha ilipokataa kushuka, nesi alinitia kwenye kundi lao pale kituo cha afya. Tunakaa kwenye benchi tunapumua. Ningewaambia nini? Kwamba nina miaka sitini na nane na nimeenda kufundishwa kupumua?"

Nestory alitaka kucheka, akaona uso wa mama yake, akameza.

"Mtu hapati nguvu kwa kupumua," alisema Sabina. "Wote tunapumua."

"Jumanne twende ukaone."

Alikwenda, kwa nia ya kumkamata. Kwenye baraza la kituo walikaa watu tisa: polisi mstaafu mwenye kitambi, bodaboda mwenye mguu wa plasta, mama wa maandazi na wengineo, wote macho chini, wote wameshika magoti yao kama wanafunzi waliofanya kosa. Sabina alisimama mlangoni akitafuta hirizi, kitambaa chekundu, chochote. Aliona kalenda na ndoo ya kunawia.

"Miguu chini," alisema Sista Tereza, nesi mfupi mwenye sauti ya mtu aliyechoka kurudia. "Wazo likija usilifukuze. Lione, liite kwa jina lake, kisha rudi kwenye pumzi."

"Shamba," alinong'ona Bernadeta. Akavuta pumzi. "Yakobo." Akavuta tena.

Walipomaliza, nesi alimgeukia Sabina. "Wewe unalala saa ngapi?"

"Mapema tu."

"Simu inalala wapi?"

"Chini ya mto."

"Kazini unakunywa nini?"

Sabina alitaja chupa mbili. Bernadeta alikohoa. "Tatu," alisema Sabina. "Siku nyingine nne."

Nesi alimfunga kile kitambaa cha presha mkononi, akasoma, hakusema alichosoma palepale. "Utarudi kesho nipime tena," alisema. "Na hizo chupa, punguza kabla moyo haujakupunguza wewe."

"Na yeye ulimpa dawa gani?"

"Vidonge vya presha, kama wenzake. Hili la kukaa siyo dawa. Halimfufui mume wala halilimi shamba. Mama alikuwa amebeba msiba usiku na mchana. Hapa anautua robo saa. Anayetua, analala. Anayelala, anaamka na nguvu zake mwenyewe, zilizokuwepo siku zote. Akirudi anatembea, anaongea na watu, anakula. Hakuna zaidi."

"Hakuna zaidi?"

"Watu wengi hutoka hapa wamenuna kwa sababu hakuna zaidi."

Sabina naye alitoka amenuna. Angalau uchawi ungekuwa na ukubwa wa kutosha. Alikuwa amemuuza mama wa mumewe kwa sababu ya usingizi.

Jumamosi wakawa Misungwi, uani kwa Yakobo, kulifuta neno mbele ya watu. Mwenyekiti wa kitongoji alikaa kwenye kiti cha plastiki, wanaume kwenye viti vya mbao, wanawake chini. Vijana wanne walisimama wameegemea ukuta bila kusalimia. Yakobo aliwagawia watu maji kwa unyenyekevu mwingi.

Sabina alipiga magoti. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yalimtoka yakiwa machache. "Mimi ndiye niliyesema. Si kweli. Nilikuwa silali, nakunywa enaji, nimechoka, nikamtafuta wa kumsingizia. Mama hajanifanya kitu. Naomba radhi kwake na kwenu."

Ndipo mwanamke mmoja aliyevaa kitambaa cha kijani, Kashindye, akasema kwa upole kabisa, "Pole, mwanangu. Amekuleta uje useme hivyo?"

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mahindi makavu. Sabina aligeuka huku na huku. Uongo wake waliupokea bila kuudai ushahidi. Ukweli waliutaka na vyeti.

"Mtu akikana mbele ya anayemwogopa," alisema mwenyekiti, akijikuna shavu, "sisi tutajuaje?"

"Mimi shida yangu ni vijana tu," alisema Yakobo.

"Basi alale kwangu," alisema Bernadeta. Alikuwa amesimama. "Siku saba. Nyumba moja, chungu kimoja. Mje kila asubuhi mwone anavyoamka. Akiamka amechoka, nimemlimisha. Akiamka mzima, Yakobo atoe jembe lake shambani kwangu. Mpaka hapo, lisimame."

"Mama," alisema Nestory, "na kazi ya Sabina je? Na watoto?"

"Watoto utawapikia wewe," alisema Sabina. "Nitalala hapa."

Alilisema kirahisi. Alikuwa hajalala usiku mmoja mzima kwa miezi mitatu.

Asubuhi ya kwanza kichwa kilitaka kupasuka kwa kukosa enaji. Ya pili alipiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Watu walipita njiani mmojammoja wakiwa na sababu zao, huyu anatafuta mbuzi, huyu anaazima kibiriti. Yakobo hakuhitaji sababu.

"Umeamkaje, mkwe?"

"Salama, baba."

"Macho hayasemi salama," alisema kwa huzuni, akaenda zake kuwasimulia wengine.

Bernadeta alimwekea kigoda uani. "Kaa. Miguu chini."

"Watatuona, mama. Watasema unanifundisha."

"Wameshasema. Kaa."

Sabina alikaa, jicho moja limefumba, jingine linamlinda mama mkwe. Alivuta pumzi kama anayeonja chakula cha mtu asiyemwamini.

"Kuna nini kichwani? Kiite."

"Woga."

"Kingine."

"Winnie."

"Kingine."

Alifumbua jicho la pili. "Wewe, mama. Bado nakuogopa."

"Vizuri, umeniita," alisema Bernadeta, naye macho chini. "Sasa niache nipite. Rudi kwenye pumzi."

Hapakutokea kitu. Asubuhi ya tatu pia hapakutokea kitu, isipokuwa simu iliishiwa chaji na hakukuwa na pa kuichaji. Jioni hizo walitembea hadi kisimani, wakaongea habari za marehemu, ambaye kumbe alikuwa mcheshi na mwoga wa vyura. Siku ya nne Sabina alilala kabla habari haijaisha, na alipofumbua macho dirisha lilikuwa jeupe. Siku ya tano vivyo hivyo. Kashindye alipita, akamtazama usoni, akaondoka bila kuazima kitu.

Siku ya sita aliamka kabla ya kuamshwa. Alibaki kitandani akijikagua kama mtu aliyeanguka na kuinuka: mgongo haumuumi, moyo hausikiki. Miguu ilitaka kwenda mahali. Bernadeta alikuwa amelala upande wa pili, mdomo wazi. Sabina alichukua jembe nyuma ya mlango, akatoka.

Udongo ulikuwa na ubaridi. Alipiga tuta la kwanza akajishangaa, la pili akasahau kujishangaa. Alikuwa anamalizia la tatu, jasho jema linamtiririka, alipowaona Kashindye na mwanamke mwingine wamesimama njiani na madumu yao.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka," aliitikia salamu hiyo ya asubuhi, na tabasamu lilimtoka lenyewe.

"Haya yote umepiga wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu kumekucha. Mnaona? Nimeamka mzima."

"Tunaona," alisema Kashindye. Alimtazama mabega, akayatazama matuta matatu marefu, kisha akageuza shingo kuelekea nyumbani. Mlango ulikuwa bado umefungwa, na jua limeshafika usawa wa paa. "Na mama mkwe wako? Mbona yeye leo hajaamka?"

Sabina alifungua mdomo. Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni, hakujua alipeleke wapi. Aliona swali lilivyogeuka mkononi mwa yule mwanamke, taratibu, ncha yake ikamwelekea yeye, mwenye nguvu wa leo.

"Mama!" aliita, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Mama, wanakuulizia huku!"

Nyumba haikujibu. Wale wawili walihamisha madumu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kuku wa jirani alitoka uvunguni mwa ghala, akatazama, akarudi.

"Waambie nimelala!" sauti ya Bernadeta ilitoka ndani, imejaa usingizi na kero. "Nina mkwe wa kulima, niamkie nini?"

Yule mwingine aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa kanga. Kashindye hakucheka. Aliyapitia matuta kwa macho, moja baada ya jingine, kama anayeyaweka mahali pa kumbukumbu, akatwika dumu lake.

Sabina aliinama akaanza tuta la nne. Alilipiga polepole makusudi, akipumzika kila baada ya majembe mawili na kushika kiuno, mpaka wanawake wale walipopotea nyuma ya mikatani.